Mzee Kiptanui na Shule Isiyoisha

Mzee Kiptanui hajui kusoma, lakini barua anazijua. Ukimpa bahasha anaipima kwenye kiganja, anaigeuza, ananusa gundi, halafu anakuambia kama ni ya serikali, ya kanisa au ya mtu anayekupenda. Ile iliyokuja mwezi wa saba mwaka huu wa hamsini na tisa aliishika kwa muda mrefu, akasema ni nzito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.

Yeye ndiye mkubwa wa wakamuaji kwenye shamba tunaloishi, kati ya Molo na Sachangwan, ambako asubuhi za baridi nyasi zinaamka nyeupe kama zimepakwa chokaa. Mimi naitwa Naliaka, niko darasa la saba, na baba yangu ni fundi wa matrekta hapohapo shambani. Nyumba yetu ni ya tatu kutoka kwa Mzee. Nimemjua tangu nianze kujua watu, ila nilikuwa namjua kama unavyojua mlango wa kwenu. Unaupita tu. Mpaka ilipokuja hiyo barua.

Ana mtoto mmoja, Mwalimu Jelagat, ambaye ndiye mwalimu wetu wa Kiingereza. Mama yake alikufa Jelagat akiwa na miaka minane. Mashangazi walikuja kutoka Londiani kumchukua, wakasema mwanaume hawezi kulea msichana peke yake. Mzee aliwapa chai, akawasikiliza mpaka wakachoka, halafu akawasindikiza hadi barabarani, mtoto akiwa amemshika mkono upande wa pili. Mama yangu anasema alijifunza kumnyoa nywele, kumshonea vifungo na kumpikia uji wa wimbi usio na madonge, na kwamba ule uji wa kwanza hata mbwa aliukataa.

Wakamuaji huamka saa kumi alfajiri, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo walienda zizini pamoja. Jelagat hakuwa na viatu. Mzee alikuwa akimwinua ng'ombe mmoja, halafu anamwambia mtoto asimame pale ng'ombe alipokuwa amelala, kwa sababu hapo udongo bado una joto. Joto likiisha, anamwinua ng'ombe mwingine. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuambia darasani, siku tuliyolalamika juu ya baridi. Alituambia pia kwamba herufi za kwanza alizosoma maishani ni zile zilizochongwa kwenye mikebe ya maziwa.

Sasa, kuna jambo la Mzee Kipketer. Huyu ni rafiki wa Mzee Kiptanui na ana kijana anayeitwa Kimutai, dereva wa trekta, mtu mpole. Jelagat alipokuwa bado msichana wa shule, Mzee Kipketer alikuja na wazee wenzake kumwombea Kimutai mchumba. Mzee Kiptanui aliwapa maziwa ya kibuyu, akasema mtoto yuko shule, na kwamba shule ikiisha hatawakataza tena. Aliyasema hayo mbele ya wazee watano. Huku kwetu neno lililosemwa mbele ya wazee watano halirudi mdomoni.

Shule ikaisha. Jelagat akasomea ualimu, akarudi kutufundisha, na wazee wakarudi wakakuta ameandika maombi ya kwenda chuo kikuu Amerika. Mzee Kiptanui akawaambia hajavunja neno lake. Shule imeisha kweli, hii si shule. Chuo kikuu ni kitu kingine kabisa, ni kazi ya watu wazima, kama uchifu, na mtu aliyeitwa kazini husubiriwa. Wazee walitazamana, wakakubali kusubiri, kwa sababu ni yeye aliyesema na hawajawahi kumkuta na uongo.

Ndipo ile barua ikaja, na Mwalimu Jelagat alikuwa Nakuru kwenye kozi ya walimu, asingerudi mpaka Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mzee aliiweka bahasha juu ya rafu, akaishusha, akairudisha. Jumatano jioni akaniita. Alikuwa amekaa na Mzee Kipketer, wanakunywa chai.

"Wewe msomi," akaniambia, "nasikia Mwalimu anakusifu Kiingereza. Soma hii, lakini pole pole. Mimi si mzungu."

Kusema kweli nilijisikia mkubwa. Nilinawa mikono kwanza. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua moja na kijitabu kinene cha picha, na barua ilikuwa imepigwa kwa taipu. Nikaanza kutafsiri neno kwa neno, bila kuruka hata moja, kama tulivyofundishwa. Nikasoma kwamba wana furaha kumkubali. Mzee akafumba macho. Nikasoma kwamba jibu lake liwafikie kabla ya tarehe ishirini na tatu, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Halafu nikasoma kwamba wanamkaribisha kwenye shule yao mwezi wa tisa.

"Wapi?" Mzee akauliza.

"Kwenye shule yao."

"Wameandika shule?"

Nikamwonyesha neno lenyewe, ingawa hasomi. School. Nikamwambia hili hata watoto wa darasa la kwanza wanalijua, ni shule. Na kwa sababu nilitaka waone kwamba naweza hata maneno magumu, nikaendelea na sentensi iliyofuata, iliyosema ataingia kama freshman. Hilo sikuwa nimekutana nalo, lakini nilijua fresh ni kama maziwa ambayo hayajachemshwa, na man ni mwanaume. Nikasema, kwa sauti ya kusomea kanisani, kwamba Mwalimu Jelagat ataingia kwenye shule hiyo kama mwanaume mbichi.

Mzee Kipketer aliweka kikombe chini. Alianza kucheka, akajizuia, halafu akaacha kabisa kwa sababu rafiki yake hakuwa anacheka. Akavaa koti lake, akaaga kwa adabu zote. Mlangoni akasema tu, "Kumbe ni shule." Akaenda.

Mzee Kiptanui alikunja barua, akaniambia asante mama, nenda nyumbani. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwalimu alirudi Jumamosi mchana na basi. Nilikuwa kwao nikipepeta mahindi na mama yangu, kwa hiyo niliona yote. Mzee alimpa barua, na kabla hajaifungua akamwambia kwa Kiswahili, ili sisi majirani pia tuwe mashahidi: aliwaambia wazee shule imekwisha, na sasa watu wa Amerika wenyewe wameandika ni shule. Hawezi kuonekana mwongo kwa Kipketer, mtu aliyemsaidia kuchimba kaburi la mke wake. Kama ingekuwa chuo kikuu angempeleka yeye mwenyewe mpaka steshini. Kwa shule, hapana.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye freshman akanitazama, akauliza nilisomaje. Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akarudi kwenye lile neno la kwanza, akalitazama, na kicheko kikakauka.

Nilimwomba msamaha. Alisema sina kosa. "Umetafsiri sawa," akaniambia. "Ndilo neno waliloandika. Hata mimi sijui kwa nini."

Na hilo ndilo lililoniuma. Kama angenikemea ningelia na kumaliza. Lakini niliona yeye mwenyewe ameanza kuogopa kwamba labda alikosea mahali pa kuomba, kwamba atavuka bahari akakae dawati moja na watoto wenye miaka kumi na mitatu. Hakubishana na baba yake. Alikaa chini akaanza kusahihisha madaftari yetu, na kama jibu lisingeondoka Jumatatu asubuhi, lisingefika kwa wakati.

Nikaomba kile kijitabu. Nilikaa nacho karibu na moto wetu na kamusi ndogo ya shule. Kilikuwa ni kitabu cha mji mzima, unaitwa Ellery, uko Ohio, na kilikuwa kinawaeleza wageni mambo yote ya masomo pale. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mji wenyewe waliuita wa kati, si mkubwa, lakini ulikuwa na shule kumi na tisa za watoto, sekondari nne, vyuo vitatu na chuo kikuu kimoja. Nilitafuta ni zipi za Wazungu, zipi za Wahindi na zipi za Waafrika, kama Nakuru. Haikuandikwa. Sijui kama walisahau.

Halafu nikaanza kulifuata lile neno, ukurasa kwa ukurasa, kwa penseli. Sekondari wanaita school. Sawa. Chuo wanaita school. Nikakaa wima. Chuo kikuu chenyewe, kile cha Mwalimu, chenye wanafunzi elfu tatu, nacho wanaita school. Ukurasa wa nyuma ulisema freshman ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mvulana au msichana. Na katikati, kwenye upande wa kilimo, kulikuwa na picha iliyonifanya nifunge kitabu na kukifungua tena ili nihakikishe bado iko.

Jumapili, baada ya kanisa, wakati wa kukamua, nilienda zizini. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Nilimwambia ninataka aone kitu. Alisema ana mikono miwili na yote iko kazini. Nikakifungua kitabu nikakishika mbele ya macho yake.

Ilikuwa picha ya zizi. Mzee alitazama ng'ombe kwanza, kama nilivyojua.

"Huyu hajakamuliwa vizuri," akasema. "Tazama upande wa nyuma. Nani huyo anamkamua?"

Nikamwambia huyo ni mwanafunzi.

Aliacha kukamua. Mtu kwenye picha alikuwa na mvi tupu, miwani, na makunyanzi mpaka shingoni. Nyuma yake alisimama msichana anayecheka. Nikamsomea maneno ya chini: mzee huyo ana miaka sitini na mmoja, mke wake alifariki, akarudi shule, na msichana ni mjukuu wake, wako shule moja.

"Wameandika shule?"

"Wameandika shule. Kila mahali wanaandika hivyo, Mzee. Mtoto wa miaka sita yuko shule, na huyu yuko shule. Chuo kikuu ni shule. Hawana neno la kuonyesha kwamba umemaliza."

Ng'ombe aligeuza kichwa kuona kwa nini mikono imesimama. Mzee alimpigapiga ubavuni bila kuondoa macho kwenye picha.

"Sitini na mmoja," akasema. "Mimi niko kama hamsini na saba. Kwa hivyo kwetu shule inaisha. Kwao haiishi."

"Haiishi."

"Basi Jelagat amemaliza ile yetu, ile inaisha. Hapo sikusema uongo." Aliniuliza tena juu ya mwanaume mbichi, nikamweleza kwa aibu, na safari hii alicheka, kicheko kidogo cha puani. Akanifundisha hapohapo namna yule mzee wa Ohio alivyotakiwa kushika chuchu, kidole gumba kikiwa nje, kana kwamba nitampelekea habari.

Jioni hiyo alivaa koti, akakiweka kitabu kifuani na kupanda kwa Mzee Kipketer. Sikuwepo, lakini Kimutai alimsimulia baba yangu gereji. Walikitazama kitabu wote wawili chini ya taa, wakazozana sana juu ya kiwele cha yule ng'ombe, na hapo ndipo Kimutai mwenyewe alipofungua mdomo. Alisema yeye hataki mke anayetazama barabara kila siku. Mzee Kipketer akamwambia rafiki yake kwamba neno lake liko salama, ila wazungu wa Ohio watafute mkamuaji. Jumatatu asubuhi Mwalimu alilipeleka jibu posta Molo kabla ya kengele ya shule. Alichelewa darasani dakika kumi, na hakuna aliyemwuliza.

Aliondoka mwezi wa tisa. Tulimsindikiza mpaka steshini ya Molo, darasa zima na nusu ya shamba. Kulikuwa na ukungu na baridi kali. Mwalimu alikuwa na viatu vipya vyeusi, na baba yake alikuwa akivitazama zaidi ya alivyomtazama yeye. Treni ya Nakuru ilipokuja, akapanda, akafungua dirisha. Kila mtu alikuwa na la kumwambia: aandike, aombe, asisahau kula. Mzee alisubiri mpaka wote wakamaliza. Alisogea dirishani, akaushika mkono wake kama anavyoshika bahasha, akiupima.

"Nenda shule, mwanaume mbichi," akamwambia.

Mwalimu Jelagat alicheka huku machozi yanashuka, na akaendelea hivyohivyo mpaka treni ikampeleka kwenye ukungu. Wengine tulirudi shambani. Mzee alibaki. Nilipogeuka nilimwona ameondoka kwenye ukingo wa steshini na kusimama pale relini ambapo injini ilikuwa imesimama muda mrefu, na nikafikiri anatafuta kama changarawe bado ina joto.