Rupia Kwenye Mizani ya Sukari

Kwetu Uluguru mjomba hapingwi. Kwa hiyo mjomba wangu alipouza kopo langu la senti za zamani kwa mnunua vyuma chakavu, nilimeza hasira. "Chuma ni chuma tu, kinauzwa kwa kilo," alisema.

Sikuacha kukusanya. Mwaka jana mjomba akaja dukani kwangu, Mwembesongo. Alikuwa ameokota rupia ya Mjerumani akilima shamba lake la Mlali, na alisikia kwamba nanunua. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti, kisha nikaiweka rupia yake kwenye mizani ya sukari. Mshale haukutikisika.

"Mjomba, haijafika hata robo. Kalete nyingine."

Wanaoniuliza kama kukusanya pesa za zamani kuna faida, nawajibu kwamba yangu niliiona usoni kwa mjomba.