Wimbo wa Pili wa Baba Mdogo Gitau

Asubuhi za Dagoretti nilipokuwa msichana zilinuka vichwa vya mbuzi vikichomwa manyoya. Moshi ule ulitoka kichinjioni ukaingia mpaka jikoni kwetu, ukakaa kwenye mablanketi na kwenye nywele, na ukienda kanisani Jumapili watu wa mbali wanajua umetoka wapi. Nyuma ya moshi ilikuja harufu ya tangawizi, maana Mumbi alikuwa ameshafungua kibanda chake cha chai karibu na lango la kichinjio, na wanaume waliokuwa wameanza kazi gizani walikuwa wamesimama pale na vikombe, damu ikiwakaukia mikononi. Mmoja wao alikuwa baba mdogo Gitau, mdogo wake baba yangu. Mchana alichuna ng'ombe, jioni alikaa kizingitini kwetu akapiga gitaa. Mimi shule sikwenda sana, niliachia darasa la tatu, lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki, na haya ninayoeleza ni mambo ya majina.

Baba mdogo ndiye aliyeimba "Chai ya Mumbi". Wimbo wenyewe ni mwepesi tu: mwanamume ameagiza chai, anamtazama anayemimina mpaka chai inapoa, anaagiza nyingine, nayo inapoa. Aliurekodi mjini, River Road, kwa Bwana Manilal, mwenye studio, na kabla hatujajua kumetokea nini ulikuwa umeenea mji mzima. Vinyozi wa katikati ya jiji waliufungulia wateja. Kule Kitisuru kwa matajiri, shangazi yangu Njoki alikokuwa akifua nguo, mpishi wa jirani aligombana na mtunza bustani kwa sababu kila mmoja alikuwa na Mumbi wake na aliamini ndiye anayeimbwa. Bwana Manilal akamwita baba mdogo akamwambia, "Gitau, niletee mwingine kama huu, halafu achana na visu. Nitakuweka kwa bendi yangu, uwe wa hapa." Baba mdogo alirudi nyumbani siku hiyo akanawa mikono mara mbili mbili, kama mtu ambaye ameshaacha kazi ya kuchuna.

Sasa, kwetu kulikuwa na desturi. Ukimpa mwimbaji kitu, naye atakutaja ndani ya wimbo. Asipokutaja, ni kama amekula kwako akafuta mdomo akaenda. Chai ya Mumbi ilipovuma, Dagoretti nzima ilikumbuka kwamba Gitau anapenda zawadi. Kabucho wa ngozi alileta figo zimefungwa kwa gazeti. Mutua, mtu wa Machakos aliyekuwa kwenye mizani ya nyama, alileta asali ya kwao. Wanjiru wa viazi alileta viazi, na mumewe Kariuki, asiyekuwa na kitu, alikuja kubeba viazi vyenyewe ili naye ahesabiwe.

"Huyo Mumbi alikupatia nini?" Kabucho aliuliza. "Chai. Na chai alikuuzia. Mimi nimekupa figo bure, na hata mbwa wa hapa hajui ninaitwa nani."

"Nitakutaja, mzee."

"Utaje na ngozi. Makabucho tuko wengi."

Baba mdogo hakujua kumkatalia mtu. Hata cucu yangu Wangari, mama yake mzazi, alimngoja jikoni. "Mimi nilikuzaa," akasema, "na sijawahi kusikia jina langu hata kwa redio ya jirani."

"Mama, wewe nitakuweka mwisho kabisa, pale pa heshima."

"Niweke mwanzo. Mwisho watu wanakuwa wameshatoka."

Majina yalizidi mpaka yeye mwenyewe akawa anayachanganya, na mtu ukimchanganya jina ni afadhali ungemwacha. Ndipo akanichukua mimi. Studio ya Bwana Manilal ilikuwa chumba cha nyuma ya duka, kuta zimetundikwa mablanketi na trei za mayai, na ukikohoa sauti yako inafia mdomoni. Walinisimamisha mbele ya baba mdogo, nyuma ya kipaza sauti, nikaambiwa nisitoe hata pumzi. Kazi yangu ilikuwa kutamka kila jina kwa midomo tu, bila sauti, naye anaangalia midomo yangu anaimba. Tulianza vizuri. Kabucho wa ngozi akapita, Mutua wa mizani akapita, Wanjiru na Kariuki wake wakapita pamoja. Lakini santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, na Bwana Manilal akaanza kuzungusha kidole hewani kwamba fanya haraka. Baba mdogo akaukimbiza wimbo. Kiitikio kikaachwa njiani, gitaa likabaki linafuata majina kama mtu anayefukuza kuku. Alipofika "na mama yangu," mkono wa Bwana Manilal ukashuka. Midomo yangu ilikuwa imeshasema Wangari.

"Turudie," baba mdogo akasema.

"Bendi nyingine iko mlangoni. Halafu Gitau, mimi nilikuomba wimbo. Huu ni mkutano."

Santuri ilipotoka tuliisikiliza kibandani kwa Mumbi, gramafoni imewekwa juu ya meza ya vikombe. Kila mtu alinyamaza mpaka jina lake lipite, kisha akaanza kuongea, kwa hivyo waliotajwa mwisho hawakusikia chochote. Kabucho alilalamika kwamba Mutua ameimbwa polepole kuliko yeye. Cucu alisikiliza mpaka pale pa kukatika, akajifunga leso vizuri, akasema, "Basi angalau wamejua ana mama." Watu walicheka, na baba mdogo akacheka nao, lakini nilikuwa karibu naye na niliona hajanywa chai yake. Nje ya Dagoretti santuri hiyo haikununuliwa. Vinyozi wa mjini waliitoa katikati wakiuliza hawa wote ni akina nani. Bwana Manilal akachukua mwimbaji mwingine. Baba mdogo akarudi kwenye visu, na Mumbi alipoolewa na fundi wa viatu wa Kawangware, ni yeye aliyepiga gitaa arusini. Aliitwa kwenye arusi nyingi hivyo mpaka akazeeka, na kila mara waliomba wimbo uleule wa chai, naye aliwaimbia bila kinyongo.

Sasa redio ikiupiga, mtangazaji kijana husema "msanii wa wimbo mmoja" kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Mjukuu wangu Kevin, anayetengeneza nyimbo kwa kompyuta na kutoa mpya kila wiki, aliniuliza, "Cucu, kwani huyo mzee aliishiwa?" Nikamwambia hakuishiwa, alijaa. Siku hizi pia majina yanatajwa kwenye nyimbo, tena sana, lakini ni ya wenye pesa na wanaotafuta viti vya ubunge. Wanjiru wa viazi hawezi kutajwa na mtu leo. Kevin aliiweka ile santuri ya pili kwenye simu akawatumia watu, nao wanakuja kwangu kuuliza majina ya kwao. Juzi alikuja mjukuu wa Kabucho, mtu mzima wa Kitisuru mwenye simu mbili, akasema hakai. Kwao hakuna hata picha ya huyo babu yake. Akasikia "Kabucho wa ngozi" likipita upesi, akaomba lirudishwe, likarudishwa tena na tena. Halafu akauacha wimbo uendelee, akaniuliza huyu anayefuata ni nani. Nikamweleza Mutua alikuwa nani. Akauliza na huyu mwingine. Simu zake zililia mezani zikanyamaza, na hakuzitazama, na mimi nikaendelea na Wanjiru.