Nilimtoa Binti Yangu Klabu ya Shamba kwa Sababu ya Panga la Mama Mkwe

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Nilimvua binti yangu beji ya klabu ya shamba mbele ya wageni, nikaitupa motoni, halafu nikamwambia, "Kuanzia leo wewe ni mwanafunzi wa kawaida!"

Jamani, hasira!

Ngoja niwaeleze. Binti yangu, nitamwita Kemi, yuko darasa la nne hapa Chonyonyo. Zamani kila asubuhi tumbo lilikuwa linamuuma. Ukimwambia vaa sare, tumbo. Ukimwambia basi lala, anakwenda kuruka kamba! Darasani alikuwa anashindana na mwenzake mmoja nani awe wa mwisho.

Walipompokea klabu ya shamba, tumbo likapona lenyewe. Wanakutana kila Jumatano kwenye migomba ya shule. Akaanza kuhesabu machipukizi ya kibanja chetu, yaani migomba inayozunguka nyumba, na kuyaandika daftarini, na hesabu za darasani zikaanza kumwingia. Mimi? Nikaona ni kiherehere tu. Maana mtoto alikuwa hakai! Ukishika panga ukate mkungu, yupo nyuma yako: "Mama, umelichoma?" Walifundishwa kwamba panga lisipopitishwa motoni linabeba ugonjwa wa mnyauko kutoka mgomba hadi mgomba.

Sasa siku hiyo mama mkwe kaja kutoka Mabira, na panga lake kiunoni kama kawaida yake. Tumekaa na majirani wawili niliowaalika, tunatafuna buni za kahawa, anasema migomba ya kwake imeanza kunyauka, hajui imelogwa na nani. Kisha akasimama aingie kibanjani atusaidie kupunguza majani.

Kemi akamzibia njia. Mikono kaitanua!

"Bibi shikamoo. Panga lako lipite motoni kwanza."

"Nini?"

"Umetoka kwenye mnyauko, bibi. Hata la mwalimu mkuu tulilichoma."

Mama mkwe akanigeukia mimi. "Mkamwana, nimelima migomba kabla mume wako hajaota meno. Leo nakaguliwa na mtoto mwenye kamasi?"

Wale majirani wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Mimi nikaona aibu ya dunia nzima imeniangukia. Ndipo nilipomvua ile beji. Mama mkwe akaingia kibanjani na panga lake hivyo hivyo, akakata majani huku na huku, akatoka anajifuta jasho, ameridhika kabisa!

Haikunitosha. Kesho yake nikaenda shuleni kumfokea mwalimu wa klabu. "Nimeleta mtoto asome, sijaleta bwana shamba!"

Mwalimu akanijibu taratibu, "Mama Kemi, na huko shambani alikuwa anasoma."

Sikusikia. Niliondoka nimebetua midomo kama nimeshinda kesi.

Yaliyofuata yananiuma mpaka leo. Tumbo likarudi! Jumatano ndiyo lilizidi. Mtihani wa hesabu akarudisha karatasi nyeupe pee, hata jina lake hakuandika. Nikimuuliza, ananiangalia tu. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka unamwomba apumzike!

Halafu nikaona ndizi changa zinaiva mkunguni kabla ya wakati. Nikakata moja, ndani kahawia. Mgomba wa kwanza, wa pili, wa tano. Yote ni ile aliyoikata majani mama mkwe! Na kibanja hiki ndicho kinachotulisha.

Nikamwita mwanangu. "Kemi, hebu njoo utazame, hii inafanywaje?"

"Mimi si mwanaklabu tena, mama. Muulize bibi."

Weee! Nilitamani ardhi inimeze na gauni langu.

Nikarudi kwa mwalimu yule yule, shingo chini, nikaomba radhi na mtoto arudishwe klabuni. Jumatano wanaklabu wakaja nyumbani, Kemi mbele. Wakatuonyesha migomba ya kung'olewa na ile ya kuachwa. Tumepoteza kumi na mmoja. Mingine inaendelea vizuri, na asubuhi mwanangu hasubiri tena kuamshwa. Ila mimi haniamini. Akipita ananitazama mikono, kama nimeshika panga lisilochomwa.

Wazazi wenzangu, mtoto akirudi na jambo la shuleni linalokuudhi, msikilize mpaka amalize. Ukimziba mdomo kwa ajili ya kumfurahisha mkubwa, utauzibua kwa machozi! Na usidhani anajifunza akiwa ameketi kwenye dawati tu.

Lakini hasira yangu haijaisha, imehama tu. Wiki hii nimepeleka barua kwa kamati ya shule, ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu. Nimeandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KLABU YA SHAMBA. Mimi ni mzazi wa darasa la nne. Nalalamika kwamba klabu hii inapokea watoto peke yao na kutuacha wazazi tukiwa wajinga, jambo ambalo limenigharimu migomba kumi na mmoja. Naomba wazazi tupokelewe kila Jumatano. Mama mkwe wangu wa Mabira naye ameomba nafasi, na ameahidi kuja na kuni zake mwenyewe."