Siku Niliyopuliza Baragumu Suji

Aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza na imenichosha, acheni niitue. Waliosababisha nawataja: Elieza mpwa wa Mzee Senkondo, na mimi mwenyewe.

Alikuja Suji bwana mmoja wa santuri kutoka Tanga, anatafuta mwimbaji mmoja tu wa kwenda naye kurekodi. Mimi nilikuwa na wimbo wangu, nimeutunga nikilima, "Ngozi yangu nyeusi, sikuiazima kwa mtu", unasifu weusi wetu na mababu waliochimba mifereji ya Upare (shule niliishia darasa la pili, lakini huo wimbo wote niliuweka kichwani). Nikajiambia, nikichaguliwa, jembe basi.

Asubuhi ya kuimba mbele ya yule bwana, watu wamejaa uwanjani, Elieza akanijia na baragumu la mjomba wake. "Kaka, utasifu mababu kwa mdomo mtupu? Lipulize kwanza, bwana mkubwa ashtuke."

Sasa, kwetu baragumu halipulizwi ovyo, ni la msaragambo, la kuwaita watu wote kazini, na likilia mara tatu ndefu maana yake ndiva imepasuka, lile bwawa letu la kumwagilia, maji yanaondoka na mahindi. Nilijua. Ila nilifikiri, watu si wananiona hapa uwanjani? Ningepuliza mara moja yangeisha, lakini yule bwana alitabasamu nami nikavimba kichwa, nikapuliza ya pili, na ya tatu.

Waliokuwa mashamba ya juu hawakuniona. Tukasikia kelele mlimani, "Ndiva! Ndiva jamani!", na hapo hata waliokaa mbele yangu wakainuka. Mama yangu mzazi, aliyeniona kwa macho yake nikivimbisha mashavu, alijifunga khanga akakimbia. Nikamwita, "Mama, ni mimi!" Akajibu bila kugeuka, "Najua ni wewe, chukua jembe!"

Wakarudi wanahema, matope magotini, bwawa wamelikuta zima. Mzee Senkondo akanishika shati.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba ya nini? Nani kakupa baragumu langu?"

Nikageuka nimwoneshe Elieza. Elieza alikuwa amesimama mbele ya yule bwana, anaimba wimbo wangu, na ubeti wa pili alikuwa anaukosea.

Hukumu ilikuwa mbuzi mmoja wa kuwalipa wazee na siku saba za kuzoa tope ndani ya ndiva, peke yangu. Siku ya pili, nikiwa kwenye tope hadi kiunoni, nikaliona lori la yule bwana linateremka kwenda Same, Elieza amekaa mbele, hakupunga mkono.

Tangu hapo nikitunga kitu nakiimba kichinichini, na mtu akiniuliza naimba nini, namwambia nakohoa. Na wewe Elieza, kama bado uko hai huko Tanga, ule ubeti wa pili unaanza na "mama", hauanzi na "baba".