Dakika Nane za Ardell Skogstad

Zamani mzigo ulifika ulipofika, na aliyeuleta akaketi kunywa kahawa. Siku hizi mzigo unafika kabla hujajua kama unauhitaji, na aliyeuleta hana hata nafasi ya kuzima injini.

Mimi nilipanga safari za malori katika bohari ya vyakula kule mjini Fargo, kwa chaki na ubao mweusi, mpaka walipoleta kompyuta. Sitasema uongo: maziwa siku hizi hayachachi. Kompyuta inasoma hali ya hewa, inasoma risiti za kila duka, na theluji haijaanza kuanguka, mkate wa ziada umeshafika Tolvik. Mimi na chaki yangu tuliwahi kuuacha mji huo bila mkate juma zima. Lakini juma lile watu walipigiana hodi kuazimana unga. Leo hakuna anayemwazima mtu kitu, na ndiyo maana hakuna anayejua jirani yake ana unga kiasi gani, wala ana mke wa namna gani.

Ardell Skogstad alikuwa mmoja wa madereva wangu. Mtu mrefu, mkimya, mwenye masikio yanayogeuka mekundu mwanamke akimtazama. Kila Alhamisi alipeleka vyakula katika miji midogo ya magharibi, na kila Alhamisi alisimama Tolvik kwenye mkahawa wa mjane mmoja, Myrna Fossum, akala pai ya zabibu kavu na maziwa ya mgando. Nilipostaafu nikahamia Tolvik, nikawa namwona kwa macho yangu pale nilipokuwa nikimwona ubaoni tu. Mji mzima ulijua kwamba Ardell anamchumbia Myrna. Myrna naye alijua. Ardell peke yake ndiye aliyekuwa bado anakata shauri, na hilo lilikuwa limemchukua miaka tisa.

Msimcheke. Kwetu mtu aliyelelewa vizuri hakubali kitu mpaka akikatae mara mbili. Ukimwambia karibu kahawa, atasema hapana, usijisumbue. Ukirudia, atasema hapana, ndio kwanza nimekunywa. Mara ya tatu ndipo atasema: haya, nusu kikombe basi, kama ipo. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayeacha kukaribisha baada ya mara ya pili ni bahili, na watu watausema uchoyo wake mpaka matangani. Sasa kama kahawa inataka mara tatu, ndoa je?

Basi mwaka huo kampuni ikafunga kwenye kila lori kisanduku chenye sauti ya mwanamke na kijicho cha kamera. Kisanduku kilijua lori liko wapi, linakwenda kasi gani, dereva amepiga miayo au hajapiga. Kituo chenye mzigo kilipewa dakika nane. Kituo kisicho na mzigo hakikupewa kitu. Alhamisi ya kwanza Ardell aliposimama mkahawani, hata mlango hajaufikia, kisanduku kikapaza sauti barabarani:

"Ardell, umesimama mahali pasipopangwa. Tafadhali endelea na safari."

"Nani huyo anakuita?" Myrna akauliza kutoka mlangoni.

"Si mtu," Ardell akasema, masikio yakiwaka. "Ni kazi."

"Mh. Ana sauti nzuri, huyo kazi."

Juma lililofuata alikuja na shauri. Mkahawa ukiagiza mzigo wake wenyewe kutoka bohari, badala ya kununua vitu dukani kwa jirani, utakuwa kituo halali, na dakika nane zitapatikana kila Alhamisi. Myrna akasema hapana, asisumbuke. Ardell hakuwa na muda wa kurudia, ikabidi nirudie mimi kwa niaba yake, mara mbili, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha dirishani. Akakubali.

Myrna akachukua simu yake na kubonyeza picha ya kwanza aliyoiona: ndoo ya matango ya siki. Kompyuta ikamuuliza: ungependa mzigo huu ujirudie kila juma? Myrna akabonyeza hapana. Ikamuuliza tena: una hakika? Utaokoa fedha. Akabonyeza hapana. Ikamuuliza mara ya tatu.

"Jamani," Myrna akasema, mkono kifuani. "Imeuliza mara tatu. Nitaikatalia vipi?"

Akabonyeza ndiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na ya mwisho kuiona mashine yenye malezi.

Basi matango yakaanza kuja, na Ardell pamoja nayo. Lakini dakika nane ni kitu gani? Kushusha ndoo, mbili. Kukataa kahawa, kukataa tena, kukubali, mbili nyingine. Hali ya hewa haiwezi kusemwa kwa chini ya tatu, maana lazima iliyopita ifananishwe na iliyopo, na iliyopo na ile ya mwaka barabara zilipofungwa. Inabaki moja, na hiyo ni ya kuaga, ambayo kwetu huanzia mezani, huendelea mlangoni na kumalizikia dirishani kwa gari. Alhamisi nyingi alipanda lori akiwa bado anasema "haya basi."

Mwishowe aliamua kuiruka hali ya hewa. Nilikuwepo. Alisimama amekumbatia ndoo ya matango kama mtoto wa ubatizo.

"Myrna," akasema, "nimekuwa nikiwaza. Unaonaje mimi na wewe tukioana?"

Myrna akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Aa, hapana, Ardell. Usijisumbue."

"Ardell," kisanduku kikaita nje, "muda wako umekwisha."

Akaondoka mbio. Nikamfuata hadi kwenye lori kumpa pole, nikamkuta anatabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Umesikia, Orrin? Amekataa!"

"Nimesikia, bwana. Amekataa vizuri sana."

"Hata hakusita!"

"Hongera. Zimebaki mbili."

Alhamisi ya pili akaja na shati lililopigwa pasi. Akauliza tena. Myrna akasema, "Mimi na huyu paka tutakujazia nyumba tu, baba. Hapana, hapana." Paka akamtazama. Kisanduku kikaita. Nikamwona Myrna anajitazama kwenye kioo cha jokofu na kurudisha unywele mmoja nyuma ya sikio. Ilibaki mara moja tu, na sikuona kitu cha kuizuia.

Kilichoizuia ni matango. Kompyuta iliona mkahawa wa viti kumi na viwili unapokea matango kila juma bila kulalamika, ikahesabu kwamba watu wa Tolvik wanayapenda, ikaongeza ndoo. Myrna hakulalamika, kwa sababu kumlalamikia mtu aliyekuletea kitu ni utovu wa adabu. Ikaongeza tena. Ndoo zikajaa stoo, zikahamia chooni, zikapangwa ukutani chini ya picha ya marehemu Bwana Fossum. Tulipewa matango na mayai, matango na pai. Mchungaji alipelekewa ndoo mbili akashukuru kwa sauti ya mtu aliyepewa mtihani na Mungu.

Siku moja akaja binti kutoka makao makuu, jina lake Brenna Dufault, kompyuta yake kwapani, viatu visivyojua matope. Akasema mkahawa huu ndio mteja anayekua haraka kuliko wote katika majimbo matatu, na wakubwa wanataka kujua siri yake.

"Siri gani, mwanangu?" Myrna akauliza. "Karibu kahawa."

"Asante!" Brenna akasema palepale, akavuta kiti. Mkahawa mzima ukageuka kumtazama.

"Data inaonyesha mahitaji makubwa sana ya matango," akaendelea. "Ni kwa sababu gani hasa?"

Hapo mtu mwingine angesema: kwa sababu ya mwanamume. Myrna akatazama ndoo, akanitazama mimi, akasema, "Watu wa hapa... wanayala."

Ilikuwa kweli kabisa. Tulikuwa hatuna namna. Brenna akaandika, akashukuru, akaenda zake akiwa amechukua ndoo moja mara ya kwanza tu alipokaribishwa. Msichana mwema, sina neno naye. Hakufunzwa.

Juma lililofuata mkahawa ulipandishwa cheo. Mteja mkubwa, ukasema ujumbe wa simu, atahudumiwa na lori kubwa la moja kwa moja. Lori likaja na kijana asiyemjua mtu, visikizio masikioni, akashusha shehena ya matango kwa mashine na kuondoka bila kusema hata "baridi leo." Na kwa kuwa Tolvik ilikuwa imepata lori lake, kompyuta iliinyoosha njia ya Ardell ipite barabara kuu, kilomita kumi na nane kusini mwetu. Ilisema imeokoa mafuta. Bila shaka iliokoa.

Mtu atauliza: kwani hana gari lake? Si aje Jumapili? Anayeuliza hivyo hajakaa kwetu. Mtu akija Jumapili, kwa gari lake, kutoka mbali, amekuja kwa jambo. Hawezi tena kusema "nilikuwa napita tu." Ukishindwa kusema ulikuwa unapita tu, umejianika mbele ya mji mzima, na mwanamke akikukataa hasa, utarudi na njia ipi? Miaka tisa Ardell alikuwa anapita tu. Kwa simu nako ndiyo usiseme; kwa simu tunatangaza vifo.

Alhamisi tatu zikapita. Myrna aliendelea kuoka pai ya zabibu, akaendelea kuuza vipande vyote isipokuwa kimoja. Nikamwambia, "Dada, mpigie basi umwambie umekubali."

"Nikubali kabla ya kuulizwa mara ya tatu?" Akaniangalia kama nimemvua shela. "Unanionaje wewe, Orrin?"

Alhamisi ya nne, mchana, tulisikia lori kabla ya kuliona, na kabla ya lori tulisikia kisanduku. "Ardell, umetoka njiani. Ardell, geuza gari. Ardell, umetoka njiani." Likaingia mtaa mkubwa likipiga honi bila kutaka, kwa maana kompyuta ilikuwa imeanza kuibonyeza honi yenyewe. Ardell akashuka. Hakubeba ndoo. Hakubeba chochote cha kusingizia.

"Nilikuwa—" akaanza, akatazama barabara inakotoka lori lake, akaacha. "Sikuwa napita. Nimekuja."

Mtu mmoja akaangusha uma.

"Karibu kahawa," Myrna akasema.

"Hapana, usijisumbue."

"Kunywa kidogo."

"Ndio kwanza nimekunywa."

"Ipo, Ardell."

"Haya. Nusu kikombe."

Akakaa. Akala kipande cha pai. Wakazungumza hali ya hewa, ya mwaka huu na ya mwaka barabara zilipofungwa, hawakuruka kitu. Nje kisanduku kilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, na maziwa ya mgando ya miji mitatu yakangoja juani. Ardell alipomaliza, akafuta mdomo, akauliza mara ya tatu.

"Haya basi," Myrna akasema. "Kama hutasumbuka."

Kampuni ilimwachisha kazi jioni hiyohiyo kwa ujumbe wa simu ulioanza na neno hongera. Ulikuwa umechanganywa na wa mtu mwingine aliyemaliza mwaka bila ajali. Ardell akakubali yote mawili. Harusini tulikula mnajua nini, na hadi leo nikisikia harufu ya siki husikia kinanda.

Walikaa nasi mwaka mmoja, wakauza mkahawa kwa kampuni ya maduka yasiyo na muuzaji ndani, kisha wakaamua kuhamia Arizona kwenye joto, kama kila mtu aliyechoka na koleo la theluji. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kuwaaga. Tulianza mezani, tukaendelea mlangoni, tukafika dirishani kwa gari, kila kitu kwa utaratibu wake. Myrna alikuwa na pai ya zabibu mapajani, ya mwisho kutoka katika jiko lake, bado ina moto.

"Chukua hii, Orrin," akasema.

"Hapana," nikasema. "Kaleni njiani."

"Chukua bwana, tumekuokea wewe."

"Hapana, hapana. Ndio kwanza nimekula."

Simu ya Ardell, iliyobandikwa kwenye kioo ili kuwaonyesha njia, ikaongea: wakiondoka sasa watawahi. Ardell akaitazama. Myrna akaitazama. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

"Haya basi," Myrna akasema, akairudisha pai mapajani, akanipungia mkono.

Nilisimama pale mpaka gari likakata kona ya kanisa, na harufu ile ikalifuata. Sikuwaona tena.