Kamera ya Swabir

Swabir wa kituo chetu cha bodaboda, hapa Kona ya Musa, hakuwaamini watu tangu zamani, lakini mwezi ule alizidi. Abiria mmoja alikuwa amemsingizia kwamba alimfungulia mkoba njiani. Mwenyekiti wetu, Mzee Chirau, akamwambia waziwazi: lalamiko jingine moja tu, avue jaketi la kituo aende zake. Bila jaketi hapati abiria, na nyumbani ana watoto. Basi akaapa kufunga kamera kwenye helmeti, dunia ijionee.

Nilimsindikiza dukani kwa Abdulwahab, na alinichosha roho. Kamera za ghali hakuzigusa. Ile ya bei nafuu aliipindua, akaitikisa sikioni.

"Hii inatoa picha safi, ndugu yangu," Abdulwahab alisema.

"Nyote ndivyo msemavyo. Tia kadi nione."

Memori kadi ya kwanza aliikataa, ati ni feki. Ya pili aliijaribu mpaka betri ikaisha, nasi tumesimama tu. Kibandiko cha gundi alikirudisha, akisema jua la Ukunda litakiyeyusha. Hapo sikubishana naye. Alikwenda kwa fundi wa baiskeli, akakatiwa ukanda wa tyubu kuukuu, akaifunga kamera kidevuni pa helmeti ikaganda kama kupe.

Ijumaa alimpeleka Bi Mwanarusi kijijini Mwabungo. Huyu ndiye somo aliyemfunda mkewe, Hanifa, na siku hiyo alikuwa anakwenda kumsinga bibi harusi, kumsugua mwili kwa liwa. Shughuli hiyo ni ya wanawake watupu, na Swabir humbebea kikapu cha liwa na udi mpaka mlangoni.

Jioni lalamiko likafika kwa mwenyekiti: Swabir amewachungulia wanawake wakiwa vichwa wazi.

"Uongo!" Swabir alifoka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Leo mtaona nilivyogeuza uso."

Akaitia kadi kwenye simu ya Mzee Chirau, tukasongamana. Kweli picha ilikuwa safi. Tuliuona ua, tukamwona Bi Mwanarusi akishuka na kugeuka.

"Mwanangu, humo ndani wamevua mitandio. Hicho kidude kinaona?"

Sauti ya Swabir ikajibu, karibu kabisa, "Nimekizima, mama."

"Nipe basi nikitie mkobani, ukiondoka nitakurudishia."

"Wallahi nimekizima. Huniamini?"

Bibi wa watu akamtazama, akatabasamu. "Nakuamini, mwanangu. Niletee kikapu."

Picha ikaanza kusogea kuelekea mlangoni, na vigelegele vikasikika. Mzee Chirau akaifunika simu kifudifudi juu ya tangi la pikipiki kabla hatujaona zaidi. Nilimtazama Swabir kwa hasira, kisha nikamwonea huruma.

Hakungoja kuambiwa. Alifungua zipu mwenyewe, akalivua jaketi, akalikunja vizuri, akamkabidhi mwenyekiti.