Barakoa ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa akinyoa wateja amevaa barakoa, akisingizia mafua, kumbe alionea haya harufu ya kinywa chake. Hata kitandani alikuwa akimgeuzia mkewe mgongo. Fizi zilipozidi kutoka damu, akaenda kwa daktari wa meno.

"Damu imeanza lini?" daktari akamuuliza.

"Juzi tu."

Daktari akamchoma sindano ya ganzi, akakwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi za upande mmoja.

"Huu si wa juzi, kaka," akasema taratibu. "Ganzi ikiisha patauma kidogo. Wiki ijayo tutamalizia upande wa pili."

Kinyozi akafumba macho kwa aibu.

Nyumbani alimweleza mkewe yote, akitazama sakafu.

"Kumbe ni meno," mkewe akasema. "Mimi nilidhani umenichoka."

Hapo aibu ikamzidi.